Maji Yaliyopanda Kiangazi katika Shimo Namba Tatu

Chemchemi ya Katobwe imekauka, na mimi ndiye niliyewaapia watu kwamba haitakauka.

Niliapa mchana, baada ya misa, mbele ya kanisa, daftari mkononi. Niliapa kwa jina la mama yangu aliyekufa.

Na daftari lile halikuwa na uongo hata mstari mmoja. Kila namba niliiandika kama nilivyoiona. Hilo ndilo linaloniuma.

Maana namba zilisema maji yamepanda.

Kiangazi, jamani. Mwezi wa nane. Vumbi la barabara linaingia mpaka ndani ya sufuria. Na chini ya ardhi, kwenye shimo langu namba tatu, maji yako juu kuliko wakati wa mvua.

Niliyaona, nikayaamini. Sikilizeni ilivyokuwa.

Naitwa Mwanza. Nina miaka hamsini na miwili. Shule niliiacha darasa la tano la msingi. Nimepakia mifuko kwenye stesheni ya Kamina, nimevunja mawe kwa nyundo, nimelinda geti. Leo ni mpima maji kwenye machimbo ya mawe nje ya mji. Sisi tunaita kariere.

Ukichimba mawe kwenda chini, unafika mahali maji yanaanza kutoka ukutani. Usipoyaondoa, shimo linakuwa ziwa. Kwa hiyo pampu zinayavuta na kuyamwaga kwenye kijito cha Lwamba.

Maji hayo hayatoki hewani. Yanatoka chini ya watu.

Ndiyo maana alikuja Madame Tshiala kutoka Lubumbashi. Mwanamke mfupi, buti za kiume, maneno machache. Alitoboa mashimo matatu membamba kuzunguka kariere, akaweka bomba la chuma katika kila shimo, juu kifuniko na kufuli. La tatu alilitoboa upande wa kijiji cha Katobwe, juu kidogo ya chemchemi.

Alinichagua mimi kwa sababu mkono wangu hautetemeki na maandishi yangu yanasomeka. Basi.

Akanipa kamba ya kupimia. Ina namba kama futi ya fundi cherehani, na mwishoni kuna chuma. Unaishusha ndani ya bomba. Chuma kikigusa maji, kule juu gurudumu la kuzungushia kamba linalia: tiiit. Unasoma namba mdomoni mwa bomba. Namba ndogo, maji yako karibu. Namba kubwa, maji yamekimbia chini.

Kijiji kizima kikaniita Papa Tiiit. Sikukasirika. Nilikuwa nimeitwa majina mabaya zaidi.

Madame aliniambia mambo mawili kabla ya kupanda gari.

La kwanza: "Shimo ya tatu ikipita metre kumi na tano, pampu zinazimwa. Iko kwa mukataba. Hakuna maneno."

La pili: "Papa Mwanza, namba ikikuuzi, pima mara mbili. Namba ikikufurahisha, pima mara tatu, na urudi siku ingine bila kusema kwa mutu."

Nikatikisa kichwa. Ndiyo madame, ndiyo madame.

Nilipima kila Alhamisi, saa mbili asubuhi. Ungeweza kurekebisha saa yako kwa kuniangalia ninavyopita. Nilijivunia hilo. Sikujua kwamba mtu mwingine pia alikuwa ananiangalia ninavyopita.

Sasa niwaambie kuhusu dada yangu.

Yaya Germaine, yaani dada mkubwa, amenizidi miaka tisa. Mama alipokufa nilikuwa na miaka sita, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Hakuolewa mapema kwa ajili yangu. Nyumba yake iko Katobwe, hatua mia moja kutoka shimo namba tatu. Alikuwa anaishi na mjukuu wake Hadassa, miaka minne, mtoto wa binti yake Bijou. Mume wa Bijou ni askari, wako kule Base, kambi ya jeshi.

Kwa sababu nyumba ya yaya ilikuwa karibu, niliweka pale buti zangu za mvua na daftari la zamani. Na ufunguo wa pili wa kufuli niliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango wake.

Kila nikiingia uani, Hadassa alikimbia, akanigusa tumbo kwa kidole na kupiga kelele: "Tiiit!"

Mimi nikasema: "Metre ngapi?"

Yeye alijua namba moja tu. "Tatu!"

Jumapili moja ya mwezi wa tano tulikuwa tunakula pale uani. Bukari, ugali wetu, na samaki wakavu wa Kinkondja. Yaya akaniuliza:

"Mwanza, ile kazi yako, unapimaka nini kabisa?"

Nikajiona mkubwa. Mtu wa darasa la tano anaulizwa kazi yake.

"Minyi njo nashika ile kariere yote, yaya. Shimo ya tatu ikipita metre kumi na tano, pampu banazima. Pampu ikizimwa, kazi kwisha. Na wa kwanza kuenda nyumba ni minyi."

"Juu ya nini weye wa kwanza?"

"Sababu minyi njo nilileta habari mubaya."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na sasa iko ngapi?"

"Kumi na ine na kidogo."

"Mayi ikiwa juu, unabakia?"

"Ikiwa juu, minabakia."

"Na batoto bako sita," akasema polepole, kama anayezungumza na samaki. Akaendelea kumtolea Hadassa mifupa.

Nikasahau mazungumzo yale kabla sijanawa mikono.

Mwezi wa sita, Alhamisi ya pili: mita kumi na nne na sentimita themanini.

Nilikaa kando ya bomba muda mrefu. Zimebaki sentimita ishirini. Wiki moja, labda mbili. Nikamwambia shefu wa kariere, Xavier Bokungu. Baba yake alikuwa askari kutoka mkoa wa Équateur, yeye amekulia kule Base. Mtu wa haraka, simu mbili, kalamu sikioni.

"Papa Mwanza, usinitishe. Bado haiyafika."

"Itafika, shefu."

"Ikifika utanambia."

Alhamisi iliyofuata nilienda miguu mizito. Nilifungua kufuli. Nikashusha kamba.

Mita tano. Sita. Nane. Tisa na nusu.

Tiiit.

Niliiangalia kamba kama nimeona nyoka. Mita tisa na nusu? Wiki nzima hakuna tone la mvua, na maji yamepanda zaidi ya mita tano?

Mkono ulitaka kuishusha tena. Moyo ulisema: mzee, unatafuta nini? Umebaki na kazi.

Sikuishusha tena. Niliandika 9.50, nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Kisha nilishusha kopo la kuchotea maji ya sampuli. Kopo lilipanda limejaa. Nikayanusa maji. Maji ya chini ya mwamba hayana harufu, ila haya yalikuwa na uchachu kidogo, kama maji yaliyolowekewa mihogo. Na pembeni ya kopo kulikuwa na uzi mweupe, mwembamba.

Nikasema kopo ni chafu. Nikalisuuza, nikachota tena kidogo kutoka shimo namba mbili ili chupa ya sampuli isibaki tupu.

Ndiyo. Nilifanya hivyo. Naandika kila kitu.

Bokungu alipoona namba alipiga meza.

"Unaona! Ile madame wa Lubumbashi alitutisha bule. Majiwe iko na akili yake!"

"Shefu, hii kitu si ya kawaida."

"Papa Mwanza, mutu akikupa nyama, unamuuliza alichinja wapi?"

Wafanyakazi walicheka. Na mimi nikacheka. Wiki ile ile aliagiza pampu nyingine. Kwa kuwa maji yako juu, hakuna ubaya kushuka ngazi nyingine chini. Tukashuka.

Kila Alhamisi nilipima. Tisa na sitini. Kumi na ishirini. Kumi na moja. Ilikuwa inashuka pole pole, lakini bado mbali na kumi na tano. Nilikuwa nalala usingizi mzuri.

Kijijini wanawake walianza kunung'unika.

Mwezi wa nane, Jumapili, katekista aliwaita watu baada ya misa. Bokungu hakuja. Alinituma mimi. "Wewe ni mutu wao, watakusikia."

Aliyesimama kwanza ni Mama Émerence, kiongozi wa wanawake wa chemchemi. Mwanamke mnene, sauti ya kengele. Katobwe wanawake wanachota maji wakisali. Mmoja anaweka bidoni, dumu la maji, chini ya bomba la mwanzi, wengine wanasali rozari hadi ijae. Imekuwa hivyo tangu bibi zetu.

"Bakristu," akasema, "zamani bidoni moja ilikuwa inajaa na Salamu Maria kumi. Mwezi wa sita, makumi mbili. Leo asubui tumemaliza rozari yote, makumi tano, na bidoni haiyajaa. Papa Tiiit atuambie mayi yetu inaenda wapi."

Nikasimama. Nikafungua daftari.

"Mama Émerence, bamama banasalia mbio ao polepole? Rozari haiko mashine."

Wanaume wakacheka. Yeye hakutikisika.

"Papa Tiiit, mashine yako inakunywaka mayi?"

"Hapana."

"Minyi minakunywaka."

Sasa walicheka wote, na waliyemcheka ni mimi. Nikaanza kusoma namba kwa sauti kubwa, kama padri anayesoma barua ya askofu. Tarehe, mita, sentimita. Tarehe, mita, sentimita.

"Mayi iko juu! Kuliko mwezi wa tano! Chemchemi inalala kidogo juu ya kiangazi, njo ile tu. Mvua ikikuya, itaamuka. Kwa jina ya mama yetu mwenye iko kwa udongo, haitakauka!"

Watu wakaniamini. Mama yangu walimjua.

Nilimtafuta yaya Germaine kwa macho, ili anitikisie kichwa. Alikuwa amesimama nyuma, Hadassa mgongoni. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Hadassa akanyoosha kidole. "Tiiit!" Umati ukacheka, mkutano ukaisha.

Mama Émerence alinipita karibu akaniambia kwa sauti ya chini: "Minaamini kinywa yako juu ya mama yako. Haiko juu ya mashine."

Kwa neno langu watu waliacha barua waliyotaka kupeleka mjini. Iliandikwa tayari. Katekista aliikunja akaiweka ndani ya Biblia.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa tisa, bomba la mwanzi lilitoa tone, likasubiri, likatoa tone. Kisha likaacha.

Wanawake walikaa pale asubuhi nzima na bidoni zao. Hakuna aliyesali.

Siku ya pili wakashuka Lwamba.

Lwamba nakijua kile kijito. Nakipima pia. Nina bomba la kioo, chini yake kuna msalaba mweusi. Unamimina maji. Ukiona msalaba, maji yanavumilika. Mwezi wa kumi mvua za kwanza zilianza kushusha uchafu wote wa juu, vyoo, nguruwe, kila kitu, na juu yake tope la pampu zetu. Nilimimina. Msalaba sikuuona. Nilimwaga nusu. Sikuuona. Nilibakiza vidole vitatu vya maji ndipo msalaba ukatokea.

Nikazunguka nyumba kwa nyumba. "Muchemshe! Ile mayi muchemshe!"

"Na makala ya kupikia utatupa weye?" Mama mmoja alinijibu hivyo bila hasira. Alikuwa anauliza kweli.

Watoto walianza kuhara wiki ya pili ya Oktoba.

Hadassa alianza Alhamisi mchana. Ijumaa alfajiri macho yalikuwa yameingia ndani. Nilimweka mbele ya baiskeli, yaya nyuma, kilomita kumi na moja za mchanga hadi kituo cha afya. Njiani nilimsemesha.

"Hadassa, metre ngapi?"

Hakujibu.

"Hadassa. Tiiit. Metre ngapi?"

Muuguzi alihangaika na sindano, mishipa haikuonekana. Kabla ya saa sita mchana ilikuwa imekwisha.

Bijou alikuja kutoka Base kwa pikipiki, sare ya mume wake mabegani kama blanketi. Hakulia pale. Aliniuliza tu: "Mjomba, si ulisema mayi iko?"

Tulizika Jumamosi.

Jumatatu nilichukua kamba nikaenda shimo namba tatu. Haikuwa siku ya kupima. Sikuwa nimetumwa na mtu. Nilitaka tu kuiona ile namba iliyonifanya niape.

Nilishusha. Mita kumi, kimya. Kumi na mbili, kimya. Kumi na tano, kimya. Nikadhani kamba imekufa. Kumi na nane. Ishirini.

Tiiit.

Mita ishirini na sentimita themanini na tano.

Nikaivuta. Nikaishusha tena. Ishirini, themanini na tano. Mara ya tatu. Ile ile.

Alhamisi iliyopita, siku nne tu nyuma, daftari lilisema kumi na mbili na tisini.

Mwamba hauwezi kunywa mita nane kwa siku nne. Hata mimi wa darasa la tano najua. Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi. Harufu ya mihogo ikanirudia puani.

Alhamisi sikungoja saa mbili. Saa kumi na mbili asubuhi, jua linaanza, nilikuwa nimekaa nyuma ya kichuguu.

Akaja mwanamke na bidoni ya lita ishirini kichwani. Alitembea pole pole, mgonjwa wa goti. Alishusha. Akatoa ufunguo kwenye fundo la kitenge. Akafungua kufuli. Akaweka faneli ya plastiki. Akaanza kumimina.

Alikuwa bado na kitambaa cha matanga kichwani.

"Yaya."

Hakushtuka sana. Alimaliza kumimina kwanza, asimwage pembeni.

"Umekuya mapema," akasema.

"Yaya, uko unafanya nini?"

"Niko nakulinda."

"Kunilinda na nini?"

"Ulisema weye mwenyewe. Mayi ikiwa juu, unabakia. Ikiwa chini, unaenda nyumba." Alifunga kifuniko, akakipangusa kwa kiganja. "Ni kama mizani ya soko. Muntu anaongezaka kidogo, ile ipite. Batoto bako sita, Mwanza."

"Kutoka lini?"

"Kutoka ile siku ulipita hapa na uso wa maiti. Mwezi wa sita."

Nilitaka kupiga kelele. Nilimwambia kwa maneno madogo madogo, kama unamweleza mtoto. Kwamba shimo lile halikuwa mtihani wangu. Kwamba lilitobolewa pale kwa ajili ya chemchemi. Lilikuwa linachungulia maji ya Katobwe. Likipita kumi na tano, pampu zinazimwa ili chemchemi isife. Lingepita mwezi wa sita. Zingezimwa mwezi wa sita.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa juu ya bidoni tupu, ile anayolowekea mihogo.

"Haukunambiaka ile," akasema.

"Nilikwambia kazi yangu."

"Njo ile. Ulinambiaka kazi yako. Haukunambiaka mayi yetu."

Nikaokota faneli, nikamuuliza:

"Na ile siku ya kanisa? Ulisikia nasoma zile namba. Ulijua ni mayi ya bidoni yako!"

"Nilifikiri weye unajua ya kweli." Sasa alifunga tena fundo la kitenge. "Muntu wa mashine. Nilifikiri unasoma namba ya bapatron ba kariere, na ya kweli uko nayo kwa kichwa. Ulipoapa na jina ya mama, nilisema basi, anajua, chemchemi itarudi."

Ndege walikuwa wanaimba kama kawaida yao.

"Ile mayi ya leo ni ya wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Ya Lwamba. Chemchemi haiko tena."

Aliteka maji Lwamba, siku ya sita baada ya kifo cha mjukuu wake, na goti lile, akapanda nayo kilima. Kwa ajili yangu.

Nilimpigia Madame Tshiala. Sikupitia kwa Bokungu. Aliingia baada ya siku mbili, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alipima mwenyewe. Mara tatu. Kisha aliomba lita ishirini za maji, akazimwaga ndani ya bomba na kupima tena. Maji yalipanda karibu mita kumi. Bomba ni jembamba, mwamba wa pale umebana. Ilichukua mpaka saa sita mchana maji kushuka.

"Nani alimwaga?"

"Minyi niliacha ufunguo kwa msumari," nikasema.

Aliniangalia. Hakuuliza tena.

Pampu zilizimwa siku ile ile. Bokungu aliitwa mjini, hajarudi. Jumatatu walisoma majina ya watu wa kurudishwa nyumbani. Wavunja mawe, madereva, wapishi, walinzi. Nilisimama nikisubiri langu, mfuko wangu umefungwa tayari.

Halikusomwa.

"Madame," nikamwambia, "minyi njo nilikuwa wa kwanza kuenda."

"Nani alikuambia?"

Sikukumbuka mtu yeyote aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe, siku ile ya samaki, ili nionekane mkubwa.

"Papa Mwanza, kariere ikilala, mupimaji haendi. Njo ule anabakia. Nani atatuambia kama mayi inarudi? Wewe ulikuwa wa mwisho kuenda. Kutoka mwanzo."

Nimeandika haya kwenye simu, jioni nne. Kabla ya kuyatuma kwenu nilimsomea yaya yote, nikamwambia nitabadilisha jina lake. Akakataa. "Andika Germaine. Bantu bajue." Mama Émerence alijua kabla yenu. Yaya alimwendea mwenyewe, akapiga magoti. Émerence alimwinua, akamwambia akae. Mimi hajaniambia nikae.

Ukiwa na kazi inayogusa maisha ya watu, waeleze yote, hata wale wa nyumbani, hata kama wanaonekana hawatafahamu. Usiwaeleze mshahara wako tu. Na namba ikikufurahisha, rudi siku nyingine bila kumwambia mtu. Niliambiwa hivyo bure, nikatikisa kichwa.

Hesabu ni hii.

Chemchemi moja.

Bustani za mboga kumi na saba chini yake, zote zimekufa.

Nyumba kumi na moja zimehama Katobwe.

Wafanyakazi arobaini na wawili wako nyumbani bila kazi.

Guelord, mjukuu wa Mama Émerence, mwaka mmoja na nusu.

Hadassa, miaka minne.

Bidoni kumi na tisa za lita ishirini. Lita mia tatu na themanini. Nyingi zilitoka kwenye chemchemi yenyewe, ilipokuwa inakufa.

Kazi yangu bado ninayo. Alhamisi hii, shimo namba tatu: mita kumi na tisa na sentimita arobaini.

Nimepima mara tatu.